Cornel Mihayo, Aliyempelekea Meneja Taarifa ya Msiba

Ndugu wafiwa na majirani mliofika hapa Segese, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya kaka yetu, Cornel Mihayo, huku wengi wetu tukiwa bado hatujaamini kwamba tunamzika leo.

Marehemu alizaliwa hapa Segese tarehe 2 Juni 1911, mtoto wa tatu wa mzee Mihayo Jilala, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, na mwaka 1930 akaajiriwa katika duka la Wahindi mjini Shinyanga, ambako alijifunza Kigujarati. Mwaka 1936 alifunga ndoa na Paskazia, wakajaliwa watoto wanne, Limi akiwa wa kwanza.

Mwaka 1939 alianza kazi ya ukalimani katika mgodi wa Nyang'holo, Geita, kati ya meneja Mwingereza, mafundi Wagujarati na wachimbaji. Huko aligundua kwamba tisa Wagujarati wanaiita "nav" na Waingereza "nain", jina Wagujarati "nam" na Waingereza "neim", akajaza daftari zima, na padri mmoja akamthibitishia kuwa lugha hizo zina asili moja, pamoja na Kigiriki na Kijerumani. Marehemu akachukulia kwamba wenye lugha hizo nao ni ukoo mmoja.

Kwa hiyo tarehe 14 Machi 1952, seremala Mgujarati, Premji, alipofariki, marehemu alifanya kama tunavyofanya sisi kwa watu wa ukoo, akaenda ofisini, akavua kofia na kumwambia meneja, "Pole, Bwana, umefiwa na ndugu yako Premji, wenzako wanakungoja."

Alifukuzwa kazi siku hiyohiyo, kwa kumwita Mzungu ndugu wa seremala Mhindi. Alirudi kulima pamba, na kila alipopita sokoni waliomfahamu walimuuliza, "Mzee Cornel, leo Mzungu kafiwa na nani?" Daftari hakulifungua tena, na alimwambia mkewe kwamba alijidanganya.

Alhamisi, tarehe 7 Oktoba 1954, alirudi kutoka shambani akilalamikia tumbo, akakimbizwa hospitali, na Jumamosi asubuhi akafariki akiwa na miaka 43, mtu ambaye Jumatano alikuwa juu ya paa akiezeka.

Jana aliwasili kwa lori Ratanben, mjane wa Premji, akamweleza Paskazia jambo ambalo familia hatukulijua, kwamba jioni ya msiba ule meneja alifika nyumbani kwao, akavua viatu mlangoni, akakaa chini na wafiwa kwa saa nzima, kisha akaondoka. Ratanben alidhani kaka yetu aliambiwa. Hakuambiwa.

Tunawashukuru daktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi, na wakalimani wenzake waliotoka Geita.

Kaka Cornel, taarifa yako ilifika. Lala salama.