Bwana Sikio na Mlio Usiopatikana

Ijumaa ya tarehe 29 mwezi huu, saa tisa alasiri, kiwanda chetu kitamuaga mkuu wa dawati la malalamiko baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Jina lake kamili liko kwenye kadi ya mwaliko, lakini humu ndani hakuna anayelitumia. Sisi tunamwita Bwana Sikio. Mimi, mtunza stoo ya vipuri, nimefanya naye kazi miaka ishirini na miwili, na nilipoombwa niandike habari zake nilikubali upesi, kabla hawajampa mtu wa utawala.

Alianza wakati kiwanda bado ni karakana ya kuchomelea mageti. Mwenye karakana, ambaye siku hizi tunamwita Mkurugenzi, alipenda kushuka vilima kwa baiskeli, na kila Jumatatu alirudi kazini na baiskeli iliyovunjika. Mwishowe akaamua kutengeneza ya kwake kwa mabomba ya geti. Fremu ile ya kwanza ilikuwa nzito hata ikabebwa na watu wawili, na Bwana Sikio ndiye aliyeshika upande wa nyuma. Huo ndio mwanzo wa baiskeli zetu za milimani, wala si ile hadithi ya kupendeza iliyobandikwa mapokezi.

Baadaye mabomba ya geti yakaondoka, kikaja chuma chepesi, kisha alumini. Karakana ikawa godauni, godauni likawa kiwanda chenye geti la umeme ambalo, ajabu, tulilinunua kwa watu wengine.

Jina la Sikio alilipata kazini. Ukimpelekea baiskeli yenye matatizo, hashiki spana kwanza. Anazungusha pedeli polepole, anainamisha kichwa, anafumba macho, kisha anakwambia ni gololi za upande wa kulia, na kweli huwa ndizo. Siku moja tulimtegea kwa kutia kokoto ndani ya bomba la kiti. Alisikiliza, akasema humo mna kokoto, na kwamba aliyeitia ndiye yule anayejizuia kucheka pale nyuma. Ndiye mimi.

Katika mwaka wake wa tisa hapa, toleo letu la pili la alumini lilianza kukatika shingoni, pale usukani unapoingia kwenye fremu. Ofisi ilitayarisha barua ya kuwaambia wateja kwamba wameendesha vibaya. Bwana Sikio alikataa katakata kuisaini. Alibeba fremu tatu zilizokatika, akazilaza juu ya meza ya mkutano, akamwomba Mkurugenzi apapase kwa kidole chake mwenyewe pale mshono wa weldi ulipokuwa mwembamba. Baiskeli zote mia mbili na kumi na mbili zikarudishwa kutengenezwa upya, na kila mteja akapata barua ya kuombwa radhi iliyoandikwa kwa mkono. Bila kutia chumvi, kampuni hii ingali hai kwa sababu ya barua zile.

Lakini najua barua mnazongoja nizitaje ni nyingine. Miaka kumi na minne iliyopita, muuguzi mmoja anayezungukia wagonjwa majumbani huko milimani, safari ya siku nzima kwa basi kutoka hapa, aliandika kulalamika kwamba baiskeli yake inalia. Mlio unaanza akiwa anapanda, unanyamaza akishuka kuukagua. Bwana Sikio akajibu apake grisi kwenye bomba la kiti. Akapaka, mlio ukahamia kwenye pedeli. Akajibu akaze pedeli. Mlio ukahamia kwenye usukani. Akaombwa ailete baiskeli kiwandani. Muuguzi akasema wagonjwa wake hawawezi kumngoja, ila fundi anakaribishwa kwenda kuusikia mwenyewe. Bwana Sikio akajibu kwamba kazi ni nyingi.

Jalada hilo sasa lina barua mia moja sitini na kitu. Ni mali ya ofisi, kwa hiyo tumezisoma wote, na asiyezisoma ajilaumu. Mwanzoni zilihusu mlio mtupu. Kuanzia mwaka wa pili, chini ya habari za mlio ukaanza kutokea mstari mmoja wa mvua, mwingine wa mgonjwa aliyepata nafuu, mwingine wa nyumba iliyokuwa kimya tangu mumewe afariki. Naye Bwana Sikio, aliyekuwa amempoteza mkewe miaka mitatu kabla, akawa anaijibu mistari hiyo kwanza, mlio baadaye. Namba ya simu ya muuguzi iko ukurasa wa kwanza wa jalada. Hajaipiga hata mara moja. Anadai mlio hausikiki vizuri kwenye simu.

Kila barua ya muuguzi iliishia palepale: je, fundi wenu bado hajapata nafasi? Na kila jibu lilisema kazi ni nyingi. Kuna mwaka barua zilikatika kwa miezi minne. Bwana Sikio alikuwa akija stoo mara mbili kwa siku, akijifanya anatafuta boliti, kuniuliza kama posta yake imeletwa kwangu kimakosa. Barua ilipofika ilikuwa fupi: baiskeli haijambo, ila mwenyewe alikuwa amelazwa. Aliisomea katikati ya madebe ya rangi, machozi yakamlengalenga, akasema ni harufu ya rangi. Madebe yote yalikuwa yamefungwa.

Bintiye ameniambia kwamba nyumbani kuna shati jeupe lililopigwa pasi, linaning'inia nyuma ya mlango mwaka wa sita huu. Kila likizo baba yake hulivaa, hujitazama kwenye kioo, hulivua, kisha anakuja kazini ati kuna lalamiko la haraka.

Mwezi ujao dawati lake linachukuliwa na mfumo wa kompyuta, ambao hufunga wenyewe kila lalamiko lililopita siku thelathini. Majalada yake yote ameyamaliza isipokuwa hilo moja. Jumatatu alikuja nimsainie fomu kwamba amerudisha vifaa. Vilikuwepo vyote, kasoro spana ya pedeli na kopo dogo la grisi. Aliniuliza tu kama ni adabu mtu wa umri wake kwenda asikoitwa. Nikamwambia ameitwa miaka kumi na minne, tena kwa maandishi, na nakala tunazo. Akakaa juu ya kasha la rimu, akasema anaogopa, maana siku zote alikuwa na kazi ya kusingizia na sasa hana. Nimesaini kwamba vyote vimerudi. Utawala wakisoma hapa, wajue sijutii.

Jana amekata tiketi ya basi la Jumamosi asubuhi, kwa hiyo wasemaji wa Ijumaa mnaombwa mfupishe. Mimi mwenyewe leo nimepita dawatini kwake, nikakuta droo tupu, nikasimama pale kama mjinga. Tumeanza kumkosa kabla hajaondoka.

Bwana Sikio, asante kwa kutusikiliza sote, watu na baiskeli. Tunakuombea afya, utulivu na siku nyingi za furaha huko uendako. Na ukifika, tafadhali, usiharakishe kuupata huo mlio.