Sura Moja Kila Baada ya Chakula

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani na ninyi nyote mliopambana na theluji mpaka mkafika hapa leo, Jumamosi tarehe 22 Januari 2022, familia ya Wiersema inaomba mketi na kusikiliza maisha ya mama yao, Tena Wiersema, ambayo yameandikwa kama yalivyokuwa, bila kutiwa sukari, kwa kuwa mwenyewe alikuwa akikunja uso kila aliposikia marehemu akisifiwa kwa mambo ambayo hakuyatenda.

Tena alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 11 Februari 1938, katika kijiji chetu cha Zuidmeer, Michigan, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Klaas Boerma na mkewe Geeske, wakulima wa vitunguu kwenye ule udongo mweusi wa bondeni, na alibatizwa katika kanisa hili hili akiwa na wiki tatu, akalia kutoka mwanzo wa ibada hadi mwisho, na mama yake akasema kwamba mtoto huyu amezaliwa na wasiwasi.

Alianza shule ya msingi ya kanisa mwezi Septemba 1944, akamaliza darasa la nane mwezi Juni 1952, akaishia hapo, kwa sababu vitunguu havikungoja mtu asome sekondari, lakini shule yake kubwa ilikuwa meza ya baba yake, ambako hakuna aliyeruhusiwa kuinuka baada ya chakula, asubuhi, mchana wala jioni, mpaka sura moja ya Biblia isomwe, kwa mpangilio, kutoka Mwanzo hadi Ufunuo, bila kuruka orodha za majina wala sheria za ukoma, na ikiisha wanaanza upya, na wakati wa kusoma hakuna aliyethubutu kusema neno, hata majirani wakawa wanawatania kwamba nyumba ya akina Boerma ikishika moto, watamaliza sura kwanza ndipo watafute ndoo.

Kazi alianza akiwa na miaka kumi na minne, ya kupanga vitunguu ghalani, kisha kuanzia mwaka 1971 hadi 1993 alikuwa mpishi wa shule ile ile aliyosoma, ambako hakuunguza chungu hata siku moja, kwa sababu alikuwa akirudi kutazama jiko mara tatu, na akishafika nyumbani anampigia simu mlinzi akalitazame mara ya nne.

Tarehe 6 Juni 1958 alifunga ndoa na Marvin Wiersema, mkulima, mtu mpole, mvivu wa kuongea lakini si wa kusoma, ambaye kwa miaka arobaini na moja alifungua Biblia mezani mara tatu kwa siku, na wakajaliwa watoto watatu, Lorna mwaka 1960, Gordon mwaka 1962, na Dale mwaka 1966, ambaye anaishi mbali huko Alberta na amefika jana, tunamshukuru Mungu na barabara zilizosafishwa.

Marvin alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 2 Novemba 1999, na siku ya pili baada ya mazishi Tena aliichukua Biblia mwenyewe, akaendelea pale utepe wa alama ulipokuwa, akawa msomaji wa nyumba ile kwa miaka kumi na saba, asubuhi na jioni akisoma peke yake kwa sauti, na mchana akiwasomea Gordon na mkewe Karla, ambao shamba lao linapakana na nyumba yake, na watu walipomuuliza kwa nini anajisomea kwa sauti ilhali hakuna anayesikia, alijibu, "Nani kakwambia hakuna anayesikia?"

Sasa tunafika kwenye ugonjwa, na hapa familia ina jambo la kukiri mbele ya kanisa.

Mwanzoni mwa Oktoba 2016, Tena alianza kitabu cha Wafalme wa Pili, ambacho sura yake ya kwanza inaeleza habari za mfalme aliyeanguka kutoka dirishani ghorofani, na kesho yake mchana akasoma sura hiyo hiyo, na kesho kutwa pia, huku utepe ukikaa palepale, na Gordon aliyekuwa akisikia alikaa kichwa kimeinama juu ya sahani, akala viazi vyake, akasema amina, akarudi shambani, kwa kuwa hakulelewa kumkatiza mtu anayesoma Neno, sembuse mama yake.

Karla, ambaye alilelewa kwenye nyumba isiyo na utaratibu huu na mdomo wake hauna kufuli, alimwambia mumewe uani, "Gordon, huyo mfalme ameanguka dirishani mara ngapi? Mwezi mzima sasa, hawana mtu wa kulifunga hilo dirisha?" naye Gordon akamjibu, "Nyamaza, labda mama ana sababu yake," na Lorna, ambaye alikuja kula kila Jumapili na kila Jumapili akamkuta mfalme yuko chini, alisema vilevile, labda mama ana sababu yake, kwa hiyo watu wazima watatu wenye akili timamu walimwangalia mama yao akipotea ndani ya sura moja, siku baada ya siku, kwa wiki sita, wakaliita hilo heshima.

Jumanne tarehe 15 Novemba 2016 wazee wawili wa kanisa walifika kwa ziara yao ya kila mwaka, wakanywa kahawa, wakauliza kama ilivyo ada, je, Neno linasomwa katika meza hii, na Tena akajibu kwa furaha kwamba linasomwa, na jana ameanza Wafalme wa Pili, na mmoja wa wazee akamgeukia Gordon kwa adabu tu, "Na wewe shahidi wetu, ni kweli?" ndipo jasho likamtoka Gordon katika baridi ile, kwa maana akisema ndiyo amewadanganya wazee, na akisema hapana amemvua mama yake nguo mbele ya wageni, mwishowe akasema, "Mama, tuko pale pale. Wiki ya sita hii."

Tena hakulia, aliifungua Biblia kwenye utepe, akautazama ukurasa ule ambao pembe yake ilikuwa imechakaa, akaifunga Biblia, akamwambia mwanawe, "Wiki sita umekaa mezani kwangu unameza viazi vyangu, ukanyamaza?" na Gordon akasema, "Sikutaka kukukatiza, mama," naye akasema, "Ningekuwa naunguza nyumba, ungenikatiza?" na wale wazee wakamaliza kahawa yao wakiwa wamesimama.

Madaktari walithibitisha tarehe 9 Januari 2017 kwamba ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na tangu siku hiyo wasiwasi wa Tena ulikuwa mmoja tu, haukuwa wa kufa, haukuwa wa kusahau majina ya wajukuu, ambao alisema wenyewe hawalikumbuki jina lake isipokuwa Krismasi, bali alimuuliza mchungaji wetu jikoni, "Nikisahau kusoma, kisha nikasahau niliyoyasoma, kisha nikamsahau na Mwenyewe, hapo mimi nitakuwa mtu wa nani?" na mchungaji akampa jibu zuri lenye mafungu matatu, Tena akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mchungaji, hilo ni jibu la mtu wa miaka thelathini na nne, nitakuuliza tena ukizeeka," na mchungaji yuko hapa, ni shahidi.

Tangu kesho yake ya ile ziara ya wazee alikuwa ameazimia kuimaliza Biblia kabla akili haijafunga, sura tatu kwa siku, zilikuwa zimebaki mia nane sabini na sita, alizihesabu mwenyewe kwa kalamu ya risasi na kuzifuta moja moja kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji, na majira yale ya baridi aliishi kama mtu anayevuka mto juu ya barafu inayolia, akiamka anauliza, "Leo nimesoma?" na akisomewa karatasi anauliza, "Una hakika?" na kuna siku alisoma sura ile ile mara mbili kwa makusudi, akiogopa kwamba ya kwanza haikuingia.

Hakuimaliza, na lazima tuseme hivyo, kwa sababu Jumatatu baada ya Pasaka, tarehe 17 Aprili 2017, katikati ya kitabu cha Yeremia, alisoma mstari mmoja mara nne, akasimama, akaisukuma Biblia mpaka kwa Gordon na kusema, "Shika wewe, mimi mistari inanikimbia," na tangu siku hiyo Gordon alisoma mchana na jioni, na asubuhi alisoma Karla, yule wa mdomo usio na kufuli, ambaye hakukosa hata asubuhi moja, na walipofika mwisho wa Ufunuo, Jumapili tarehe 3 Septemba 2017, Gordon akasema, "Mama, tumemaliza," naye akasema, "Haya, anza."

Mwezi Oktoba 2019 alihamia makao ya wazee mjini, na familia ikapangana zamu za kwenda kumsomea baada ya kila mlo, mpaka Machi 2020 milango ilipofungwa kwa wageni kwa sababu ya maradhi yaliyoenea duniani, na wiki ile Lorna akaitwa kwa simu akaambiwa kwamba mama yake amekuwa mkaidi, akishakula anaishikilia meza kwa mikono miwili, hainuki, akivutwa anapiga kelele, na wanafikiria kumwongezea dawa, na Lorna, ambaye mama yake alikuwa hamjui tena hata kwa jina, alilia kwa furaha hadi yule wa upande wa pili akadhani simu imeharibika, akasema, "Si mkaidi huyo, anangoja asomewe!"

Huyo wa upande wa pili wa simu alikuwa mhudumu wa zamu ile, Consuelo Ibarra, Mkatoliki, ambaye Kiingereza chake cha kusoma kilikuwa kidogo, akauliza, "Nisome sura ipi, mama?" na Lorna akasema yoyote, na Gordon aliyekuwa kando yake akaunyakua mkono wa simu, "Hapana, si yoyote! Tumefika Hesabu!" lakini Consuelo alikuwa na Biblia yake ya Kihispania kwenye mkoba, akaanza pale alipokuwa anasoma mwenyewe, akasoma sura nzima kwa lugha ambayo Tena hakujua neno lake hata moja, na Tena alikaa mikono imekunjwa, kimya, hadi mwisho, kisha akainuka mwenyewe, akaenda kulala, na ndivyo ilivyokuwa mlo kwa mlo kwa mwaka mmoja, Consuelo akipokezana na wenzake, na wazee wengine wanne wa meza zile wakaanza kubaki nao.

Mwaka jana milango ilifunguliwa na Gordon akarudi na utepe wake, na asubuhi ya Jumanne tarehe 18 Januari 2022, baada ya siku mbili za kutokula wala kumeza maji, pumzi ya Tena ilianza kukatika, na Gordon akasimama na Biblia mkononi amebabaika kama mwanafunzi, akasema, "Hajala, nitasomaje, hakuna mlo," Karla akamwambia, "Soma, Gordon," Gordon akasema basi atafute Zaburi ya kufariji, maana utepe uko Nehemia, sura ya tatu, majina matupu ya watu waliojenga ukuta, nani alitengeneza lango lipi, na Karla akamwambia, "Mama yako hakuchagua sura maisha yake yote, usimchagulie leo," basi akasoma majina, na Tena akatuacha mahali fulani kati ya lango moja na lingine, hatujui ni lipi, akiwa na miaka themanini na mitatu.

Lile swali la jikoni, kama mtu akimsahau Mungu anakuwa wa nani, Tena hakupata kulijibu kwa maneno, na familia haitajifanya kwamba inajua alichokielewa katika miaka ile mitatu ya mwisho, ila tunajua kwamba alikuwa amesahau jina lake, mumewe, watoto wake na kazi ya uma, lakini alijua kwamba baada ya mkate linakuja Neno, na hilo halikuingia kwake siku ya ugonjwa, liliingia tangu mwaka 1938, mlo kwa mlo, akiwa hana habari kwamba linaingia, kwa hiyo ninyi mnaosema mtaanza kusoma mkipata nafasi, mkistaafu, mkitulia, angalieni sana, maana hamjui ni lini mistari itaanza kuwakimbia na ninyi, na wakati huo mikono yenu itashikilia meza ikingoja kitu gani?

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wahudumu wa makao ya wazee, na Consuelo Ibarra, ambaye ameketi mstari wa mbele pamoja na familia na asiombwe kuhama, inawashukuru majirani waliofagia theluji mlangoni, wapishi wenzake wa shule, na akina mama walioandaa mikate ya nyama na kahawa kule ukumbini chini ya kanisa, na inaomba radhi kwa yeyote ambaye Tena alimpigia simu kuhusu jiko.

Lala kwa amani, Tena, milango yote imefungwa, jiko tumekwisha kulitazama, na kusoma tunaendelea sisi.