Mdomo wa Perla

Tangu kiharusi kimpinde mdomo, Perla alikuwa ametolewa kwenye kwaya na kupewa kazi ya kupanga vitabu vya nyimbo. Jumapili moja, ndani ya jipni, basi dogo la abiria, mjini Iloilo, Ufilipino, alijikuta akimweleza hayo mama mmoja muuza samaki wakavu, ambaye hata hamjui.

"Mungu hanitaki tena, mama."

"Nani aliyekutoa, Mungu au mwalimu wa kwaya?"

"Mwalimu."

"Sasa Mungu unamnunia nini?"

"Nikiimba natoa mate. Yatawarukia watu."

"Watajifuta," akasema yule mama, akilivuta kapu lake kumpisha.

Jipni ikasimama mbele ya kanisa. Perla akashuka akicheka, mara ya kwanza tangu augue, bado hajui anaingia kuimba au kupanga vitabu.