Marobota Manane ya Komori: Maisha ya Bi Haula binti Mshamu

Masheikh wetu, wakwe zetu, majirani wa Quitunda, na nyinyi mliotoka Palma na Quionga tangu asubuhi, familia imempa karatasi hii Rama Tuaibo, mpwa wa marehemu, aisome, kwa kuwa kiuno chake kimekataa kubeba jeneza na mdomo wake haujawahi kukataa kitu.

Bi Haula alizaliwa Quionga mwaka 1952, mtoto wa pili wa Mzee Mshamu Amade na Bi Alima, akasoma chuoni hapo hapo hadi akahitimu Kurani, shule ya Wareno hakupelekwa, ila mwaka 1977, uhuru ulipokwisha kuja, aliingia alfabetização, madarasa ya watu wazima ya kusoma na kuandika, akajifunza herufi kubwa tu, kwa maelezo yake zile ndogo hakuona zina kazi gani.

Tarehe 8 Agosti 1970 aliolewa na Mzee Aiuba, mvuvi wa Milamba, upande wa Afungi, wakajaliwa watoto watatu, wawili wakatangulia wangali wachanga, akabaki Yasmin, aliyezaliwa mwaka 1976 na kuolewa mwaka 1996 huko Mutsamudu, Komori, na Mzee Aiuba alipofariki mwaka 1998, Bi Haula alibaki peke yake katika nyumba ile, akakataa kuhamia kwa mtu, akakataa na fedha za mtu, za bintiye zikiwemo.

Kazi yake ilikuwa makumbi, alikuwa na shimo lake kwenye tope la pwani kama kila mwanamke wa Milamba, akiyafukia maganda ya nazi miezi mingi hadi yalainike, kisha akiyafukua, akiyaponda, akisokota kamba, na Rama, ambaye amezunguka bandari nyingi na kutapika katika kila moja, ndiye aliyezivusha kwa wateja wa nchi mbili, Komori na Shelisheli.

Mwanzoni Komori ndiyo iliyochukua mzigo mkubwa, kamba za mashua na za vitanda, Shelisheli ikichukua nyuzi kidogo za kujazia magodoro, halafu nailoni ikaingia Komori na mzigo ukapungua kila mwaka, huku Shelisheli wakijenga hoteli za makuti na kutaka kamba kuliko mikono ya Milamba ilivyoweza kusokota, mpaka mwaka 2008 waliponyamaza ghafla, wakarudi, wakanyamaza tena, na katika panda shuka yote hiyo Komori ilitulia kwenye marobota manane kwa mwaka, hayazidi wala hayapungui.

Rama, anayejiona mjuzi wa biashara ingawa duka lake la Palma lilifilisika kabla rangi ya mlango haijakauka, alijiuliza ni soko gani hilo lisilojua kupanda wala kushuka, na mwaka 2009 akaufuata mzigo kutoka gatini Mutsamudu hadi ulipoishia, akaukuta nyumbani kwa Yasmin, marobota ya miaka na miaka yamepangwa hadi darini, mbuzi wawili wamelala juu yake, na Yasmin akamshika mkono akamwambia, "Kaka Rama, usimwambie mama, fedha zangu hapokei, anapokea oda."

Gesi ilipoonekana baharini na Palma ikajaa wageni, wenye nyumba za kulala wageni wakaja hadi Milamba kutaka kamba kwa bei ya kushangaza, Bi Haula aliwauzia, lakini manane ya Komori aliyatenga kwanza, yaliyo mazuri kuliko yote, na siku moja ya mwaka 2012 Rama alishindwa kujizuia, akamwambia ukweli wa Mutsamudu, naye hakuinua hata uso, akasema, "Mpwa wangu, mfanyabiashara gani anatuma oda na kuuliza kama mguu wangu umepona? Wewe ukimwambia kwamba najua, hapa kwangu huli tena."

Rama anapenda kula, akanyamaza, na mama na mwana wakaendelea hivyo hivyo, huyu akiuza, yule akinunua, wote wawili wakitamani kuonana na hakuna aliyelisema.

Julai 2019 familia za Milamba zilihamishiwa hapa Quitunda kupisha mradi wa gesi, makumbi ya Bi Haula yakiwa bado topeni, kwa kuwa siku ya kuorodhesha mali za kulipwa fidia alikataa kuyataja, desturi ya wanawake wa pwani ni kutohesabu makumbi kabla hayajafukuliwa, basi alipanda gari la wanaokwenda kuzuru makaburi yaliyobaki Milamba, na msimamizi alipomuuliza, "Mama, lako lipi?" alinyoosha kidole kwenye tope, akashuka na jirani yake Bi Atija, wakafukua hadi maji yalipojaa.

Alisokota mzigo huo barazani mwa nyumba ya bloku, miguu ikimvimba na moyo ukichoka, mwishoni mwa Agosti akalazwa hospitali ya Palma, akaomba arudishwe amalizie, na robota la nane lilipofungwa alimwita Rama akamwambia, "Mwambie mteja wa Komori mzigo huu siutumi, aje auchukue mwenyewe."

Yasmin alipoyasikia hayo kwenye simu aliuliza, "Kumbe mama alijua tangu lini?" Rama akamjibu, "Tangu ulipouliza mguu," naye akaanza safari siku ya pili yake, lakini Bi Haula alifariki leo Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2019, alfajiri, na saa hii Yasmin yuko ng'ambo ya Ruvuma, maji yamekupwa, mitumbwi imekwama mchangani, ametupigia akasema, "Mzikeni, msiningoje, mama hapendi mzigo ucheleweshwe."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Palma, Bi Atija ambaye hakumwacha hata usiku mmoja, wanawake wote wa makumbi waliomwosha leo kwa mikono ile ile, manahodha waliozivusha kamba zake, na tunamshukuru kabla hatujamjua huyo mwenye mtumbwi atakayemvusha Yasmin maji yakijaa, marobota yake manane hayajaguswa, yako barazani.

Pumzika kwa amani, shangazi, mteja wako yuko njiani.