Profesa Tadokoro na Matone Aliyoyaita Uchafu

Tarehe 31 Machi Profesa Morihisa Tadokoro anastaafu, baada ya miaka thelathini na minane ya kuishindisha hamira njaa katika maabara yetu hapa Yokohama. Hamira haijawahi kulalamika. Sisi tumelalamika sana.

Mwalimu alichunguza jinsi seli yenye njaa inavyojila yenyewe: hukusanya vikorokoro vyake vilivyochakaa, huvifunga kwenye kifuko, kisha huvimeng'enya ili iendelee kuishi. Kila njaa ilipoanza, ndani ya seli vilitokea vidoa vinavyong'aa. Mwalimu akasema ni uchafu wa darubini. Tulisugua lenzi hadi vidole vikaota sugu, na vidoa havikubanduka.

Aliyemfumbua macho ni bakuli la tambi za mchuzi. Kama wengi wetu, Mwalimu hupenda kuunganisha matone ya mafuta juu ya mchuzi kwa ncha ya kijiti cha kulia. Siku hiyo aliunganisha hadi tambi zikavimba, na mwenye duka, Mama Kinuyo, akamfokea: "We Mwalimu, unakula au unachora ramani?" Mwalimu akatoka mbio kuja maabara, kijiti mkononi. Alikuwa ameng'amua kwamba vile vidoa, kama yale mafuta ya mchuzi, ni matone ya majimaji, matone ya protini, na humo ndimo kile kifuko kinamoanza kujengwa.

Wenzetu wa vyuo vingine walicheka, wakadai ni mabonge makavu tu. Mwalimu akaapa kutostaafu kabla hajaona matone mawili yakiungana. Sheria ya kustaafu, bahati mbaya, haisubiri kiapo cha mtu. Tangu Januari akaganda kwenye darubini, hata mkewe, Bi Yaeko, akatupigia simu: "Hebu mwambieni na huku nyumbani kuna mtu mwenye seli."

Jumatatu iliyopita matone mawili yalisogeleana, yakagusana, yakawa moja. Mwalimu alisimama, akaiinamia darubini kwa heshima zote, akajigonga paji la uso. Ndiyo maana kwenye picha ya kumuaga tuliyopiga leo ana nundu. Kisha akalia, akasema taratibu, "Miaka yote ile nilikuwa nikiwaambia muyafute." Hakuna aliyecheka. Tulilia naye.

Mwalimu, asante kwa kukosea mbele yetu bila kujificha. Bi Yaeko, tunakurudishia mumeo: amechelewa, amevimba paji, na ana furaha ambayo hatujawahi kumwona nayo. Kaeni kwa heri na afya, na mchoshane taratibu.