Birika la Novemba

Darlene alikuwa amefumba macho, lakini masikio hayana kifuniko. Mbele yake, katika basi la chuo litokalo kampasi ya Kaskazini kwenda ya Kusini, bibi mmoja aliyevaa koti kuukuu la timu ya kikapu ya Kusini alikuwa akimpa vipande vyake bwana mwenye beji ya ofisi ya michezo.

"Mama, timu za Kaskazini na Kusini zikiwa moja ni nguvu," bwana alijitetea. "Tena tunahamia ligi kubwa."

"Ligi ya kusafiri kwa saa tisa kwenda kufungwa na watu tusiowajua! Hawa wa Kaskazini nimewachukia miaka arobaini, nawajua mpaka majina ya mbwa wao. Leo niwashangilie?"

Darlene, aliyesoma Kaskazini, alibana kicheko. Kwao hata harusini watu hawaalikwi kwa mapenzi kama yaliyomo katika chuki hiyo.

"Na lile birika la chuma mnaloshindania kila Novemba litawekwa kwenye kabati la vioo," bwana akaendelea. "Ila tangu juzi halionekani."

Basi likafunga breki Kusini. Mkoba wa bibi ukaanguka, chuma kikalia ndani. Bwana akautazama mkoba. Darlene akafumbua macho, akatazama dirishani.

Bibi akauokota bila haraka. "Birika hili halitolewi, mwanangu, hushindaniwa uwanjani. Waambie Kaskazini waje walichukue."

"Lakini mama, hakuna tena timu ya Kaskazini."

"Basi linabaki kwangu," akasema, akashuka.