Duniani Wawili Wawili

Assalaam aleikum, akina mama. Na nyinyi wenzetu wa kanisani, hamjambo nyote. Mwenyekiti wa mkutano huu ameniomba nimzungumzie mama yangu, ambaye hitima yake ya arobaini tumeisoma juzi. Nitamzungumzia. Lakini siwezi kumzungumzia yeye nikajiacha mimi, kwa hiyo mtanivumilia, na machozi yakinitoka myaache yatoke.

Mama mlimjua. Aliishi zaidi ya miaka themanini, na tangu usichana wake alikuwa mwimbaji, kayamba mikononi. Harusi ya hapa Msambweni isiyokuwa na sauti yake watu waliiulizia kulikoni. Alitulea watoto watano kwa kayamba hilo na kwa shamba la mihogo. Uzeeni, badala ya kupumzika, akajitolea kwenye zahanati, awazungukie wagonjwa wa kifua kikuu kuona kama wamemeza dawa. Tulipomgombeza kwamba halipwi, alijibu, "Kwani kuimba nililipwa kila siku?"

Mimi nilikuwa mapokezi hotelini, Galu. Nina sare, nina Kiingereza, nina viatu vya kunibana. Siku moja kikundi cha mama kikaletwa kuwaimbia watalii. Mwenzangu wa kazini akaniambia yule bibi wa mbele, mwenye leso na miguu peku, anafanana nami. Ndugu zangu, nawaambia, ulimi hauna mfupa. Nikamjibu, "Duniani wawili wawili."

Mama alikuwa hatua tatu kutoka pale. Akainamisha uso, akalitikisa kayamba, akaendelea na kazi yake. Hakuniuliza siku ile wala siku nyingine. Nami kwa aibu nikaacha kwenda nyumbani.

Baadaye kikanijia kikohozi. Nikapimwa, nikaambiwa ni kifua kikuu, nikapewa vidonge vya miezi sita. Nilimeza mwezi mmoja, nikapata nafuu, nikaacha, maana niliogopa kuonekana kwenye foleni ile. Ugonjwa ukarudi na nduguze. Kazi ikaenda. Nikajifungia chumba cha mwisho katika nyumba ya vyumba sita kule Ukunda, nikidai nina pumu. Nilikonda hadi pete ikawa inanitoka nikifua nguo. Nilikuwa nakufa, tena najua.

Zahanati ikawagawia wahudumu wa kujitolea majina ya walioacha dawa. Mama akafungua karatasi yake, akakuta langu.

Hakuja mbio kunililia. Asubuhi moja nilisikia kayamba uani. Alianza mlango wa kwanza, akaimba, akamjulia hali mpangaji, akauliza watoto wamekula nini. Wa pili, vivyo hivyo. Mimi ndani nachemka, nasema mwanamke huyu amekuja kunitangaza. Nikakataa kufungua. Kesho yake akarudi, nikakataa tena. Siku ya tatu nikamsikia jirani yangu, dada mmoja wa bara, akimwambia, "Shosho, huyo wa hapo mwisho mnafanana sana. Si mtoto wako?"

Mama akasema, "Aa, duniani wawili wawili, mwanangu."

Basi hapo ndipo nilipovunjika. Kumbe siku ile alinisikia. Kumbe neno nililomtupia alilihifadhi, leo ananisitiri nalo. Na ile milango mitano alikuwa akiipigia kayamba ili wa sita usijulikane una nini. Nikajikokota, nikafungua, nikamwambia yule dada, "Huyu ni mama yangu mzazi."

Mama aliingia, akaomba maji ya kunywa, na glasi nilipompa akanirudishia pamoja na vidonge.

Alikuja kila siku mpaka nikamaliza dawa, na kila siku alipita milango yote sita. Nikapona.

Mwaka huu, alipokuwa hainuki tena kitandani, nilimwomba radhi kwa ile siku ya hotelini. Nilichelewa sana. Akanambia, "Radhi nilikupa siku uliyofungua mlango." Nimeipokea, lakini bado naumia. Katika maisha yake marefu iko siku moja aliyokanwa na mtoto wake mbele ya wageni, na siku hiyo siwezi kuifuta.

Namshukuru yule dada, ambaye kumbe aliujua ugonjwa wangu tangu mwanzo na hakumwambia mtu. Nawashukuru wa zahanati, na nyinyi mliomwosha mama yangu na kumvika sanda. Funzo langu ni dogo: aibu haimponyi mtu, na mzazi haonewi haya.

Yeye alinificha, mimi leo nimejifichua mwenyewe mbele yenu, kwa sababu kayamba sasa liko kwangu. Jumatatu naanza kupita mtaa huu, nyumba kwa nyumba. Nina karatasi yangu, na nani yumo sitasema. Mkinisikia mlangoni, nawaomba mfungue nyote, na msihesabu ni wapi nimekaa zaidi.